Mhariri, matokeo ya mechi za maandalizi yaandikwe pamoja na dakika

Mhariri,

Julai ikiingia, kurasa za michezo hubadilika sura. Ligi zimelala, usajili umechangamka, na klabu kubwa za Ulaya ziko angani zikielekea Marekani, China, Australia au Singapore kucheza mechi za maandalizi. Matokeo yanaingia usiku, na asubuhi yako gazetini chini ya vichwa vya habari vya msimu kamili: fulani kapigwa nne, ulinzi ni uchochoro, kocha ana kazi. Ombi letu ni kwamba matokeo hayo yasichapwe tena yakiwa peke yake. Yaandikwe pamoja na dakika alizocheza kila mchezaji, dakika ambayo vikosi vilibadilishwa, na tarehe ambayo kila timu inaanza ligi yake. Bila hayo msomaji anapewa namba tupu, na mara nyingine namba inayompotosha kabisa.

Chukueni mechi ya tarehe 26 Julai 2019 katika uwanja wa MetLife, East Rutherford, New Jersey. Yalikuwa mashindano ya maandalizi ya International Champions Cup, na watani wa jadi wa jiji la Madrid, Real na Atletico, walikutana. Atletico walikwenda mapumziko wakiongoza 5-0. Mpira uliisha 7-3, Diego Costa akiwa amefunga manne peke yake kabla ya kulimwa kadi nyekundu. Aliyesoma matokeo hayo kama yalivyo alikuwa na haki ya kusema Real Madrid hawana ulinzi na kwamba Costa atawania kiatu cha mfungaji bora. Msimu wa 2019/20 ulipokwisha, Real walikuwa mabingwa wa Hispania, wamefungwa mabao 25 katika mechi 38, machache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi ile. Costa alimaliza ligi na mabao matano. Timu hizo zilikutana tena mara tatu msimu huo: 0-0 ya ligi mwezi Septemba, fainali ya Super Cup ya Hispania mjini Jeddah mwezi Januari ambayo iliisha 0-0 hadi muda wa nyongeza na Real wakachukua kombe kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, kisha 1-0 ya Real mwezi Februari. Jumla ni dakika 300 za mechi za mashindano, na Atletico hawakupata hata bao moja.

Real walikuwa wametoka kambini Montreal. Tarehe 20 walicheza na Bayern Munich mjini Houston, tarehe 23 na Arsenal huko Landover karibu na Washington, tarehe 26 wakawa New Jersey. Mechi tatu, miji mitatu, siku saba, na miguu bado ina uzito wa mazoezi. Uzito huo ndio tungependa wasomaji waelezwe, maana hauonekani kwenye luninga.

Kwenye ligi, kocha wa viungo hupunguza kazi siku mbili kabla ya mechi ili wachezaji waingie uwanjani wakiwa wepesi. Kwenye maandalizi hapunguzi. Mechi ya kirafiki ni kipindi kimoja cha mazoezi miongoni mwa vingine, na si ajabu timu ikabeba vyuma na kukimbia asubuhi, jioni ikaingia uwanjani mbele ya watu 80,000. Mchezaji anayechelewa hatua moja kufika kwenye mpira siku hiyo huenda ni yule yule atakayekuwa wa kwanza kufika wiki tatu baadaye.

Ratiba yenyewe huenda hivi. Wachezaji wanarudi kutoka likizo ya wiki tatu au nne. FIFPRO, chama cha wachezaji cha kimataifa, kinataka siku 28 za mapumziko na nyingine 28 za kujiandaa kabla ya mechi ya kwanza ya mashindano, ingawa ziara nyingi huzibana siku hizo. Siku za mwanzo ni vipimo vya damu, moyo na uzito, mbio za kujenga pumzi na michezo midogo ya watano kwa watano. Mechi ya kwanza huchezwa na vikosi viwili tofauti, kila kimoja dakika 45. Mechi ya pili wachache hufika dakika 60, ya tatu 75, na zile mbili za mwisho ndizo kocha anazotaka kikosi chake cha kwanza kicheze dakika 90 au karibu yake. Ukiruka ngazi, misuli ndiyo inayolipa: nyuma ya paja kwanza, halafu nyonga, halafu kigimbi. Misuli ya nyuma ya paja huchanika mchezaji anapokimbia kwa kasi yake yote, na kasi hiyo haipatikani kwa mbio za polepole za mazoezini. Kwa hiyo winga aliyekimbia kilomita nyingi kambini bila kufyatuka hata mara moja kwa kasi ya mwisho bado hajawa tayari, hata kama pumzi yake ni nzuri.

Timu mbili zinazokutana Julai haziko kwenye ngazi moja. Moja inaanza ligi wiki ya pili ya Agosti, nyingine wiki moja au mbili baadaye. Klabu za Marekani ndizo ziko mbali zaidi, kwani msimu wao unakuwa umefika katikati, kwa hiyo mwenyeji anayemsumbua mgeni kutoka Ulaya mara nyingi ana miezi minne au mitano ya mechi miguuni. Mwaka wa Kombe la Dunia mambo huharibika zaidi. Fainali ya 2018 ilichezwa Moscow tarehe 15 Julai, na International Champions Cup ikaanza siku tano baadaye. Wachezaji waliofika hatua za mwisho Urusi walikuwa likizo, na majina mengi uwanjani yalikuwa ya vijana wa akademi. Gazeti linapoandika jina la klabu kubwa bila kusema nani walivaa jezi yake, linamficha msomaji jambo la msingi.

Tunakuja kwenye dakika ya 60. Sheria ya 3 ya mchezo inaruhusu timu katika mechi za kirafiki kukubaliana idadi ya wachezaji wa kubadilisha, mradi mwamuzi ajulishwe kabla ya mchezo kuanza. Tazameni benchi kuanzia dakika ya 55. Wachezaji saba, wanane, wakati mwingine kumi wanavua fulana za mazoezi kwa pamoja. Mwamuzi wa akiba anashika ubao na karatasi, kila anayetoka anapeana mkono na anayeingia, na shughuli nzima inaweza kuchukua dakika mbili. Mpira unapoanza tena, mabeki wanne walio mbele ya kipa hawajawahi kusimama pamoja kwenye mstari mmoja. Mtego wa kuotea hauna kiongozi. Kwenye kona hakuna anayejua nani anamkaba nani, kwa sababu majukumu ya mipira ya kutenga yalipangiwa kikosi kilichotoka. Bao la dakika ya 63 linalozaliwa hapo halina uhusiano mkubwa na timu itakayocheza ligi. Mwandishi anayetaka kumsaidia msomaji ataandika matokeo mawili: yale ya kabla ya mabadiliko makubwa na yale ya mwisho. Mechi inaweza kuwa 0-2 hadi dakika ya 60 na ikaisha 3-2, na anayejua soka atajifunza zaidi kwenye namba ya kwanza.

Kuhusu kombe lenyewe, msomaji anastahili kujua linavyopatikana. International Champions Cup ilianza 2013 ikiwa na timu nane, na Real Madrid wakaifunga Chelsea 3-1 kwenye fainali huko Miami. Kufikia 2018 timu zilikuwa 18, kila moja ikicheza mechi tatu tu, bila fainali. Ushindi ulikuwa pointi tatu. Sare haikuwepo, timu zilikwenda moja kwa moja kwenye matuta, mshindi akapata pointi mbili na aliyeshindwa moja. Tottenham wakawa mabingwa wa jedwali la timu 18 bila kukutana na timu 14 kati ya zile 17 nyingine. Mwaka 2019 Benfica walishinda mechi zao zote tatu na kutwaa kombe la timu 12, wakiwa hawajawaona wanane kati ya wapinzani wao. Hatusemi hawakustahili, walishinda walichopangiwa. Tunachosema ni kwamba neno "bingwa" likiandikwa bila maelezo hayo, msomaji anafikiria mashindano ya aina nyingine. Mwaka 2020 janga la korona lilifuta toleo la wanaume, na tangu hapo klabu zimekuwa zikifunga safari kwa mialiko mingine, ukiwemo Summer Series ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyofanyika Marekani 2023 na 2025.

Safari ni sura nzima peke yake. Manchester United wa 2014 chini ya Louis van Gaal walicheza Pasadena tarehe 23 Julai, Denver tarehe 26, Landover tarehe 29, Ann Arbor tarehe 2 Agosti na fainali Miami tarehe 4. Kwa mstari wa angani hizo ni zaidi ya kilomita 6,000 ndani ya nchi moja, bila kuhesabu kwenda na kurudi Uingereza. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, pumzi inakatika mapema, na mpira mrefu unaruka mbali kuliko alivyokusudia aliyeupiga. Siku chache baadaye unashuka Miami, joto na unyevunyevu. United walishinda mechi zote tano, ile ya Landover kwa matuta, na kombe wakabeba kwa kuifunga Liverpool 3-1. Tarehe 16 Agosti walifungua ligi Old Trafford na Swansea wakawafunga 2-1. Siku kumi baadaye MK Dons waliwatoa Kombe la Ligi kwa 4-0. Mwaka 2025 klabu hiyo hiyo ilishinda Summer Series, ikafungwa na Arsenal 1-0 nyumbani mechi ya kwanza ya ligi, na Grimsby ya daraja la nne ikaitoa Kombe la Ligi kwa matuta. Safari peke yake haielezi vipigo hivyo, na tusingependa mtu aandike hivyo. Lakini aliyetabiri mwanzo wa msimu kwa kutazama kombe la Agosti alikosea mara zote mbili.

Saa za mwili nazo zina kanuni yake. Kwa kila saa moja ya tofauti, mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea, na kurudi mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, kwa kuwa unalazimika kulala kabla usingizi haujaja. Timu inayotoka Los Angeles kurudi Uingereza inavuka saa nane. Kocha makini huhakikisha wamefika nyumbani siku nane hadi kumi kabla ya mechi ya kwanza ya ligi. Kwa hiyo tarehe ya ndege ya kurudi ni habari nzuri kuliko idadi ya mabao, na huwa haiandikwi.

Sasa uwanja. Ziara za Marekani hutumia viwanja vya mpira wao wa miguu wa Kimarekani, ambavyo eneo la kuchezea lina upana wa mita 48.8. Soka la kimataifa linahitaji upana wa mita 64 hadi 75, na kipimo cha kawaida ni mita 105 kwa 68. Mita hizo 19 zinatafutwa pembeni, na ndiyo maana katika viwanja vingine kona inapigwa karibu kabisa na ukuta wa jukwaa, mpigaji akikosa nafasi ya kurudi nyuma. Viwanja vya besiboli hubana zaidi. Uwanja wa mita 100 kwa 64 una eneo dogo kwa karibu asilimia 10 kuliko ule wa kawaida, na timu inayotegemea mawinga inaonekana butu bila kosa lake.

Viwanja vingi kati ya hivyo vina nyasi bandia, na klabu za Ulaya hudai asilia. Mafundi hutandaza kitambaa au sakafu ya plastiki juu ya nyasi bandia, kisha wanaleta nyasi za shambani zilizokunjwa kama mikeka na kuzipanga ubavu kwa ubavu. Nyasi za kazi hii hukatwa nene, sentimita 4 hivi pamoja na udongo, ili uzito wenyewe uzishikilie, kwa sababu mizizi haina pa kushika. Kuota na kushika udongo kunahitaji wiki mbili au tatu, na nyasi hizi hupewa siku chache tu. Matatizo hujitokeza kwenye maungio. Mchezaji akigeuka ghafla, pale kipande kimoja kinapokutana na kingine panainuka, njumu inazama na kunasa, mwili unageuka lakini mguu unabaki. Hali hiyo ndiyo hutishia ligamenti ya msalaba, kano inayoshikilia mifupa ya goti. Maji nayo hayapiti vizuri chini ya plastiki, kwa hiyo mvua ikinyesha sehemu moja inakuwa tope na nyingine kavu, na mpira unadunda tofauti kila hatua tano. Atlanta, Juni 2024, mechi ya kwanza ya Copa America ilichezwa juu ya nyasi zilizotandazwa siku chache kabla, na Argentina, ingawa walishinda, walilalamikia uwanja huo hadharani. Hayo yalikuwa mashindano rasmi ya bara, na mechi za kirafiki haziwezi kutarajia nafuu kubwa zaidi.

Tuliahidi kichwani dakika, na hapa ndipo zinapouma. Katika mechi ile ya Real na Arsenal huko Landover mwaka 2019, Marco Asensio wa Real aliingia kipindi cha pili, akafunga, na muda mfupi baadaye akaumia goti la kushoto: ligamenti ya msalaba ya mbele pamoja na gegedu. Alirudi uwanjani Juni 2020, karibu miezi 11 baadaye. Hatudai kujua kama ni nyasi, uchovu au bahati mbaya ya hatua moja. Tunajua tu kwamba matokeo ya mechi ile, 2-2 na matuta, yalisahaulika wiki ile ile, na goti lile lilikula karibu msimu mzima wa kijana wa miaka 23.

Mvua, radi na joto tutapita haraka. Beijing, Julai 2016, mechi ya Manchester United na Manchester City ilifutwa saa chache kabla ya kuanza kwa sababu mvua iliharibu uwanja ambao hali yake haikuwa nzuri tangu mwanzo, na timu zote mbili zilikuwa tayari zimevuka nusu ya dunia. Marekani, radi ikipiga ndani ya kilomita 13 hivi, mchezo husimama kwa dakika 30, na kila radi mpya huanzisha hesabu upya. Misuli inapoa, halafu mchezaji anaambiwa akimbie tena. Kwenye joto kali mwamuzi huruhusu mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu, na kocha huyatumia kupanga upya timu. Mechi iliyobadilika baada ya mapumziko hayo iandikwe hivyo.

Na kuna pesa. Klabu hulipwa ada ya kuja, mwandaaji hurudisha fedha zake kwa tiketi, haki za matangazo na wadhamini. Tarehe 2 Agosti 2014 watu 109,318 walijaza uwanja wa Ann Arbor kuwatazama Manchester United na Real Madrid, umati ambao soka la Marekani halikuwa limewahi kuuona. Umati huo unanunua majina, kwa hiyo mikataba huweza kutaja wachezaji wa kikosi cha kwanza na dakika watakazocheza. Hapo kocha wa viungo na mkataba huvutana. Julai 2019 Juventus walicheza Singapore tarehe 21, Nanjing tarehe 24, na tarehe 26 wakatua Seoul siku ile ile ya mechi. Mchezo ulichelewa kuanza kwa karibu saa nzima, na Cristiano Ronaldo, ambaye waandaaji walisema mkataba ulimtaka acheze dakika 45, alikaa benchi hadi mwisho. Mashabiki walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata mahakama ya Korea Kusini ikaamuru mwandaaji alipe fidia kwa waliofungua kesi. Tunawaonea huruma mashabiki wale. Lakini mchezaji wa miaka 34 aliyecheza dakika 90 tarehe 24 na kupanda ndege tarehe 26 hakustahili kuingizwa uwanjani, na kosa liko kwa aliyepanga ratiba hiyo na kuiuzia tiketi.

Tunachoomba kichapwe ni kisanduku kidogo chini ya kila ripoti. Mstari wa kwanza: matokeo hadi mabadiliko makubwa, dakika yenyewe, na matokeo ya mwisho. Wa pili: wachezaji waliozidi dakika 60. Wa tatu: mechi ya ngapi ya maandalizi kwa kila timu na siku ngapi tangu ile iliyopita. Wa nne: tarehe ya mechi ya kwanza ya mashindano. Wa tano: aina ya nyasi, joto, na kama mchezo ulisimamishwa. Wa sita: aliyetoka akichechemea na mguu upi. Orodha za vikosi na dakika za mabadiliko hutolewa na klabu zenyewe muda mfupi baada ya kipenga cha mwisho, kwa hiyo kazi hii haihitaji mwandishi kusafiri.

Nafasi ikibana, punguzeni picha ya kombe likiinuliwa, mstari wa pili na wa nne vibaki.

Wasomaji wenu wa kurasa za michezo